Nyumba Yenye Ngazi Mbili

Mlionisoma juma lililopita mliniacha kwenye benchi la kituo cha polisi, sina mkanda, sina kamba za viatu, na binti yangu kakaa upande wa pili wa chumba analia bila kutoa sauti.

Kwa wale wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, kosa langu lilikuwa kutembea barabarani na mtoto wangu mwenyewe.

Mimi ni mweusi tii. Binti yangu kamfuata mama yake, Mungu amlaze pema: rangi ya maziwa yaliyoonjeshwa chai, nywele za singa mpaka mgongoni. Tulikuwa hatujamaliza hata juma katika jiji hili. Tumesimama kituo cha basi, mwanamke mmoja akatukazia macho, akapiga yowe kwamba nimeiba mtoto wa watu. Watu wakajaa. Mtoto akasema, "Ni baba yangu." Akarudia. Akapiga kelele. Hakuna aliyemsikia, maana kila mtu alikuwa anahangaika kumwokoa.

Aliyetuokoa kweli ni mama mkwe. Yeye ni mweupe kama mwanawe alivyokuwa. Alipoingia tu, yule askari aliyekuwa kanigeuzia kisogo asubuhi nzima alisimama akampa kiti.

"Huyu ni mkwe wangu," mama mkwe alisema. "Na yule ni mjukuu wangu."

Basi, ikaisha. Nikarudishiwa mkanda.

Maneno yale yale mimi niliyasema mpaka koo likakauka. Yeye aliyasema mara moja. Nilimshukuru, na nilimshukuru kwa dhati. Lakini ninyi siwafichi: kwa muda mfupi pale mlangoni, nikivaa mkanda wangu mbele ya watu, nilimchukia kwa sababu aliaminiwa.

Sasa tuendelee.

Binti yangu jina la nyumbani ni Chiriku. Tangu ajue kusema hajawahi kufunga mdomo. Hata usingizini anabishana na watu. Tulipotoka polisi Chiriku alinyamaza. Ukimuuliza umekula, anatikisa kichwa. Ukimuuliza unaumwa, anatikisa kichwa. Tukikaribia watu, anauachia mkono wangu na kurudi nyuma kidogo, kama hatujuani.

Ananilinda mimi, jamani. Mtoto wa darasa la pili.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni, kampuni ikilipa. Mimi ni fundi wa lifti, nimehamishiwa hapa kwa sababu jiji limejaa maghorofa. Tangu msiba, mama mkwe aliifunga nyumba yake akaja kuishi nasi, amsaidie mjukuu. Hatukuwa na mtu mwingine mjini humu.

Asubuhi mama mkwe akaingia chumbani kwangu bila kugonga. Hajawahi kufanya hivyo.

"Vaa viatu," akasema. "Leo tunatafuta nyumba."

"Mama, kampuni imesema watatutafutia."

"Kampuni itatafuta nyumba ya fundi. Mimi natafuta mtaa ambao mjukuu wangu akikushika mkono hakuna atakayegeuka kuangalia. Mtaa wa watu mchanganyiko. Jiji lote hili, utakosekana?"

Nikavaa viatu.

Dalali aliyekuja alikuwa kijeba mwenye pikipiki na koti la suti lisilo na suruali yake. Jina lake silijui mpaka leo. Kila ulichomwambia alijibu, "Usijali," na sisi tukambatiza jina hilo hilo.

"Usijali, mama," alimwambia mama mkwe. "Mchanganyiko ninao. Nifuateni."

Tukamfuata na gari la kampuni. Mimi kwenye usukani, sanduku la vifaa kwenye kiti cha mbele, mama mkwe na Chiriku nyuma.

Sikuwaza hata kidogo tunaonekanaje.

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa mageti marefu na kimya. Mlinzi akafungua, akampigia mama mkwe saluti, kisha akanijia dirishani.

"Dereva, egesha kule nyuma. Kuna benchi na maji ya kunywa."

"Mimi si dereva."

Akatazama usukani. Akanitazama. "Haya, bosi," akasema, na akacheka kwa urafiki kabisa.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, wa rangi ya mama mkwe. Akamkumbatia kama walisoma pamoja. Akamtembeza sebuleni, jikoni, akamwonyesha chumba cha mtoto chenye dirisha la bustani. Mimi niko nyuma yao hatua chache. Tukatoka ukumbi wa nyuma, akanyoosha kidole kwenye kibanda cha bati.

"Na dereva wako atalala pale. Kuna taa."

Mama mkwe akasimama. "Huyu ni baba wa mtoto. Alimuoa binti yangu."

Mwenye nyumba aliendelea kutabasamu, ila macho yaliacha kufuata mdomo.

"Aa," akasema. "Hongereni. Yaani, karibuni. Ila nimekumbuka, kuna watu walishaitazama nyumba hii jana. Nadhani wameichukua."

"Unadhani?" mama mkwe akamuuliza.

"Wameichukua."

Nje, Usijali alikuwa anafuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki. Aliona nyuso zetu, akakohoa.

"Msijali. Nina mtaa mwingine. Huko ni uswahilini kwetu, kaka, utajisikia nyumbani."

Mtaa wa pili ulikuwa na kelele nzuri. Duka kwa duka, watu wamekaa vibarazani, redio zinashindana. Mabega yakanishuka. Mzee mmoja akanisalimia kabla sijazima gari, kijana akaniongoza pa kuegesha, mwenye nyumba akanishika mkono hakuuachia.

"Fundi wa lifti! Mtu wetu! Karibu sana, ndugu yangu. Chumba kipo, maji yapo, majirani watu."

Kisha mlango wa nyuma wa gari ukafunguka, mama mkwe akashuka.

Sijui nani alianza. Nilisikia tu mtu akisema, "Watu wa msaada wamekuja," na kabla sijageuka pale pana foleni. Foleni kweli! Mama mmoja kambeba mtoto anayekohoa. Mzee kashika paa lake, yaani kipande cha bati kilichotoboka, kalileta kama ushahidi. Binti mmoja akauliza kama wanaandika majina au la.

Mama mkwe, kwa kuwa ndivyo alivyo, alianza kumsikiliza yule mwenye mtoto.

"Anakohoa tangu lini?"

"Mama," nikamnong'oneza, "wanadhani wewe ni shirika."

"Najua. Lakini mtoto anakohoa."

Nikawatangazia kwa sauti kwamba huyu ni mama mkwe wangu, tumekuja kupanga. Watu walicheka sana. Walidhani namtania mgeni. Walipoona sicheki, wakaanza kutawanyika, na yule mwenye bati akalirudisha kwake polepole akiwa na aibu ambayo mpaka leo sijui ni yake au yangu.

Watoto nao walikuwa wamemzunguka Chiriku. Hawakuwa wabaya. Walitaka kushika nywele. Mmoja akashika, wa pili akashika, wa kumi akashika. Chiriku alisimama kama mti, hakulia, hakusogea. Alivua sweta lake akajifunika kichwa.

Mwenye nyumba akanivuta pembeni.

"Ndugu yangu, wewe hata leo hamia. Lakini bibi yule hapa atapata shida. Watamwomba kila siku. Na mtoto, unaona mwenyewe. Kwa nini usimwache na watu wake?"

"Mimi ndiye watu wake."

Akanipiga bega kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Tulirudi garini, tukapita kona tatu.

"Kule mtaa wa kwanza," mama mkwe akasema, "kama ningekaa kimya, mtoto angekuwa na chumba cha bustani."

"Na mimi ningelala bandani."

"Nimesema kama."

"Mama, hilo kama lako limenichoma."

"Hata mimi limenichoma," akasema. "Endesha."

Jua lilikuwa limeshapinda Usijali aliposimamisha pikipiki mbele ya nyumba ya ghorofa tatu, ya zamani, rangi yake imebabuka. Hapo, nawaambieni, moyo ulinipiga vizuri kwa mara ya kwanza tangu tufike. Mlangoni pamekaa watu wa kila rangi. Wazee wawili wanacheza karata, mmoja mweusi, mmoja mweupe, wanatukanana kama ndugu. Kwenye duka la chini anauza mwanamke ambaye ukimtazama hujui umweke kundi gani, na wala hana haja ujue. Nguo za kila namna zimeanikwa uani.

Watoto walikuwa wanaruka kamba. Msichana mmoja akamwona Chiriku.

"Wewe unajua kuruka?"

Nikaacha mlango wa gari nusu wazi.

"Najua," Chiriku akasema. "Tena najua mbili mbili, kamba mbili, na naweza kuruka nikiwa na kifaranga mkononi, nilishawahi, kikanya."

Mama mkwe aliangalia pembeni. Mimi nilijitia kukagua tairi.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mwembamba mwenye mafungu ya funguo kiunoni, akitembea unamsikia toka mbali. Wote walimwita Mzee Funguo. Nikamwambia hali yetu yote bila kuficha. Akaitikia kwa kichwa, nikaona mambo yameiva.

"Sawa," akasema. "Mnataka ngazi ipi?"

"Ngazi yoyote."

"Haipo ngazi yoyote, fundi. Ipo ya kulia na ya kushoto."

Akatuingiza uani, akatuonyesha. Nyumba ilikuwa moja kwa nje. Kwa ndani ilikuwa mbili zinazotazamana, ua katikati, na kila upande una ngazi yake. Nikainua macho. Kwenye madirisha ya kulia vichwa vyote vilikuwa vya rangi ya mama mkwe. Kwenye ya kushoto, vya rangi yangu.

"Nani alipanga hivi?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna aliyepanga. Mmoja anahamia, anamleta shangazi yake, shangazi anamleta rafiki. Pale mlangoni wako pamoja, dukani wako pamoja. Jua likizama kila mtu na ngazi yake. Mimi nagawa funguo tu."

Vyumba vilivyokuwa wazi ni hivi: kushoto, chumba kimoja. Kulia, viwili na jiko.

Usijali akapiga makofi. "Imejipa yenyewe! Mama na mtoto kulia, baba kushoto. Dirisha kwa dirisha. Mnapungiana mikono."

Nilimtazama mpaka akarudisha mikono mfukoni.

"Tutakaa wote kulia," nikamwambia Mzee Funguo.

Akakuna shingo. Akasema sheria haipo, ila amani ipo, na ni heri awaulize wenyewe. Kutoka ngazi ya kulia akamwita mwanamke mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa mkunga zamani na sasa kastaafu. Sisi tulikuja kumwita Mama Miwani. Kutoka ngazi ya kushoto akaja fundi cherehani, tepe shingoni, uzi kwenye meno.

Mama Miwani alimwamkua mama mkwe vizuri sana.

"Wewe na mjukuu njooni hata sasa hivi. Baba naye, mbona yuko karibu tu? Atakuja kuwasalimia." Kisha akanigeukia. "Usinielewe vibaya. Ni ngazi nyembamba."

"Mimi si mnene," nikasema.

Fundi cherehani akatoa uzi mdomoni. "Kaka, sisi kwetu karibu, wewe na binti. Ila bibi huyu, maji yakikatika tunapanda na ndoo. Bafu tunashirikiana. Atakaa juma moja aumwe, lawama zije kwetu."

Kila mmoja alisema kwa upole. Ningeweza kuapa kuwa walitupenda.

Chiriku alikuwa amekuja kunywa maji, jasho linamtiririka. Kasikia yote. Akanivuta shati.

"Baba, mimi ni ngazi gani?"

Mama Miwani alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu. Fundi cherehani aliurudisha uzi mdomoni.

Mama mkwe akanyoosha mkono kiunoni kwa Mzee Funguo kama mtu anayechuma embe.

"Ya kushoto ni ipi?"

"Hii, mama."

"Na ya kulia?"

"Hii hapa."

Akazichomoa zote mbili. Ile ya kulia akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole.

"Vyumba viwili ni vyako na mtoto. Mimi mjane na sanduku langu, kimoja kinanitosha. Nakwenda kushoto."

"Mama, haiwezekani. Mimi mkwe wako nilale pazuri, wewe ukabebe ndoo?"

"Nani kakuambia kule kubaya?" Akamgeukia fundi cherehani. "Kwenu kubaya?"

"Hapana, mama," akajibu haraka.

"Basi."

Mama Miwani akaingilia. "Lakini sisi hatukusema hivyo."

"Nimesikia mlichosema," mama mkwe akamwambia. "Sasa ninyi nisikieni mimi."

Na hivyo ndivyo tulivyohamia, mimi mweusi peke yangu ngazi ya kulia, yeye mweupe peke yake ngazi ya kushoto, na Chiriku katikati, akipanda huku na kushuka kule na sahani mkononi, kanyamaza lini tena? Alikuwa anaongea mpaka na nguzo za ngazi.

Mambo ya mama mkwe yalianza vibaya. Walimfanya mgeni. Akitoka na ndoo, ananyang'anywa ndoo. Akikaa, analetewa kiti kizuri. Watu wakimwona bafuni wanasema, "Tangulia, mama, tangulia." Aliniambia kwa hasira, amekuja kwangu kunywa chai, "Wananitunza kama maiti."

Halafu siku moja alianika mashuka yake kwenye kamba ya mke wa fundi cherehani.

Lo! Ugomvi ule ulisikika mpaka barabara kuu. Mke wa fundi aliyatupa mashuka chini. Mama mkwe akazitupa na suruali za fundi. Mmoja akasema umri haukumpa adabu, mwingine akasema cherehani haikumpa macho. Mimi dirishani nimeshika kichwa, najiambia sasa tumekwisha, kesho tunafukuzwa.

Jioni nikavuka ua kwenda kuomba radhi. Nikamkuta mke wa fundi kakaa kitandani kwa mama mkwe, wanakunja mashuka, wanamsengenya mtu wa tatu.

Kuanzia hapo hakuna aliyempokonya ndoo. Ilipofika zamu yake ya kusugua bafu walimwita kwa kupiga kelele kama wanavyoitana wote.

Mimi nilimwonea wivu, nakiri.

Maana kwangu, ngazi ya kulia, hakuna aliyegombana nami. Walikuwa na adabu kama ukuta. Nikipanda, milango inafungwa taratibu, bila kishindo. Nikisema habari za asubuhi, najibiwa nzuri, na mtu anatazama begani kwangu kama kuna mwingine nyuma. Siku moja mzee wa ghorofa ya juu aliniuliza kwa heshima zote nimekuja kutengeneza nini. Nikamwambia naishi hapa. Akasema, "Aha, vizuri," na kesho yake akaniuliza tena.

Nilikuwa situlii. Nikirudi kazini nakaa, nasimama, natembea toka chumba hadi chumba, nachungulia dirishani namwona mama mkwe kwenye kizingiti cha watu wangu anacheka kwa moyo wote. Nikajiuliza imekuwaje yeye kaingia, na mimi niko nje ndani ya nyumba yangu.

Jumamosi iliyopita mlango ukagongwa kwa ngumi. Mama Miwani.

"Viatu vyako!" akasema. Hakuna hodi, hakuna habari za mchana. "Unatembea juu ya kichwa changu kama jeshi. Huna ndara wewe?"

Nilifungua mdomo niombe radhi, kama nilivyozoea kuomba radhi kwa kila mtu katika jiji hili. Sijui nini kilinipata.

"Na redio yako je?" nikasema.

Akashtuka. "Redio yangu imefanya nini?"

"Inaanza kabla ya jogoo! Tena matangazo ya vifo! Mimi naamshwa na maiti za watu nisiowajua!"

"Yale ni matangazo muhimu!"

"Basi yasikilize kwa sikio lako, si langu!"

Tukapandishiana pale mlangoni. Milango mingine ikafunguka. Yule mzee wa juu akainama kwenye ngazi akasema hata yeye redio ile inamkera, Mama Miwani akamgeuzia moto yeye, akamwambia anyamaze na kikohozi chake. Tulipochoka alinitazama juu mpaka chini, akapandisha miwani.

"Nunua ndara," akasema. "Nami nitapunguza redio. Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Kidogo!" Akashuka, akabamiza mlango wake. Kishindo kizuri, cha jirani kwa jirani.

Niliingia ndani nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikatulia kitako. Nilikuwa nacheka peke yangu. Uani nilimsikia Chiriku anahesabu kamba kwa sauti na kuwadanganya wenzake hesabu.

Mlango ukagongwa tena.

Nikajua kakumbuka neno la kunikomesha. Nikainuka na jibu langu mdomoni, nikafungua huku natabasamu.

Hakuwa Mama Miwani. Alikuwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Hatukuwa tumeonana tangu mazishini. Kavaa suti ya safari, jasho usoni, funguo za gari mkononi.

"Shemeji! Karibu. Umefikaje bila taarifa?"

Hakuupokea mkono wangu. Alipita ndani, akaangalia chumba cha kwanza, akaangalia cha pili, akaangalia jiko.

"Mama yuko wapi?"

"Ng'ambo. Ngazi ya kushoto. Nitamwita."

Akaenda dirishani. Upande wa pili wa ua mama mkwe alikuwa anapanda ngazi na ndoo ya maji, gauni kalifunga kiunoni, kapumzika kidogo, kashika nyonga.

Shemeji aligeuka taratibu.

"Umejiwekea vyumba viwili na jiko," akasema. "Mama yangu umempeleka kule abebe maji."

"Shemeji, si hivyo. Kaa nikueleze. Yeye mwenyewe ndiye—"

"Yeye mwenyewe ndiye aliyenipigia simu."

Nikavuta kiti, sikukikalia.

"Siku ulipokamatwa," akasema. "Analia. Mama yangu halii, hata kaburini hakulia. Akaniambia, njoo umchukue mtoto, huku wataniulia baba yake mbele yake. Nimeomba ruhusa kazini, nimeipata juzi, nimeendesha gari usiku na mchana, na hapa nimeelekezwa na ile nyumba ya wageni. Nyumba kwangu ipo, shule ipo, hakuna atakayeuliza yule ni mtoto wa nani."

Mama mkwe alikuwa ametuona dirishani. Sijawahi kumwona akikimbia. Alikimbia, akaacha ndoo katikati ya ngazi, akavuka ua na ndara moja. Alipofika mlangoni kwangu alikuwa hana pumzi, na nyuma yake, ngazi nzima, milango yote iliyokuwa imenifungia kwa adabu ilikuwa wazi.

"Mama," nikamwambia, "ni kweli ulimwita?"

Alishika fremu ya mlango.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwita. Halafu tukapata nyumba, nikasahau kumwambia asije."

"Ulisahau?" shemeji akauliza.

"Au niliogopa kumwambia asije. Sijui, mwanangu. Usiniulize sasa hivi."

"Basi sikuulizi wewe," akasema shemeji.

Akarudi dirishani, akaweka mikono mdomoni, akamwita binti yangu. Hakumwita Chiriku. Alimwita jina lake kamili, lile alilopewa na mama yake, ambalo nyumbani kwangu hakuna aliyelitamka tangu tulipomzika.

Kamba ikasimama uani. Nikamsikia mtoto akipiga ukelele, "Mjomba!" Kisha miguu yake, mbio, kwenye ngazi ya kulia.

Mama mkwe alifumba macho. Mama Miwani alikuwa amesimama mlangoni pake, redio yake imezimwa. Mimi na shemeji tulijikuta tumefika kizingitini kwa pamoja, bega kwa bega, tumenyoosha mikono wote wawili, na hatua zile zinapanda, na kila mmoja wetu anajua anajiwa yeye.